Ngano Isiyojua Baridi

Dokta Chris Lombard alikuwa mtu wa kujibu swali kabla halijaulizwa, na Victorine Nabintu aliwapenda sana watu wa aina hiyo. Tangu alipokuwa polisi wa upelelezi Bukavu, hadi sasa akiwa na ofisi yake ndogo Marshalltown juu ya duka la mafundi cherehani, alikuwa amejifunza jambo moja: mtu mkimya utamsumbukia wiki nzima, lakini msemaji huja mwenyewe na kamba yake mkononi.

Walikuwa wamesimama kwenye chumba cha vioo juu ya paa la Kituo cha Mbegu za Baridi, Braamfontein. Chini, mabasi yalikuwa yakipakia wanafunzi. Juu huku palikuwa na joto la kutoa jasho, na vyungu vya ngano vilivyopangwa safu kwa safu, kila mmea umebeba suke nene lililoinama kwa uzito.

"Inavumilia baridi ambayo wewe na mimi ingetuua usingizini," alisema Lombard kwa Kiingereza chake cha kuhutubia. "Na kiangazi chao kifupi kikifika, inaiva haraka kabla baridi haijarudi. Ufini wameitafuta ngano ya namna hii miaka mingi."

"Na kwa nini watu wa Ufini waje kutafuta ngano yao Johannesburg?"

"Kwa sababu ya jua, madam. Wao wakiwa chini ya theluji, sisi tunapanda. Sisi tukivuna, wao wanapanda. Mwaka mmoja, vizazi viwili. Kazi ya maisha ya mtu inakwisha kwa nusu ya muda."

Victorine aliweka simu yake juu ya meza ya vyungu. "Unaniruhusu nirekodi?"

"Rekodi. Sina cha kuficha."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Élysée Nkezabahizi, kijana wa Burundi, mtafiti wa kituo hicho, alikuwa amezalisha ngano aliyoipa jina la Mugamba, kwa kumbukumbu ya milima ya kwao. Ndiyo iliyowavuta wateja wa Ufini. Lakini miche ya Mugamba ilipoingizwa kwenye kabati la barafu kupimwa mara ya mwisho, ilikufa yote kama mchicha. Ikagundulika kwamba haikuwa Mugamba. Mtu alikuwa ameondoa mbegu ya kweli kwenye chumba cha baridi na kuweka ngano ya kawaida mahali pake. Ufunguo alikuwa nao Élysée. Polisi walipokwenda kwa shangazi yake Turffontein walikuta makopo ya rangi yamepandwa ngano uani. Basi, kesi imekwisha. Élysée alikamatwa, akatoka kwa dhamana, akapigwa marufuku kukanyaga kituoni. Akitiwa hatiani, karatasi zake za ukimbizi zingekuwa mashakani na jina lake lingekufa pamoja na ngano yake. Na katikati ya msiba huo, kwa bahati njema kweli kweli, Dokta Lombard, bosi wake, akatangaza kwamba yeye naye alikuwa na ngano yake iliyoshinda mtihani wa baridi. Mkataba ulikuwa utiwe saini Alhamisi.

Wakili wa Élysée ndiye aliyemwita Victorine. Mpaka asubuhi ile alikuwa akimshuku mlinzi wa mlangoni, si Lombard.

"Mbegu za ngano hii ulizitoa wapi?" aliuliza.

"Kwenye droo yangu. Mbegu kavu, ndani ya bahasha. Nilizipanda Oktoba moja kwa moja kwenye hivi vyungu."

"Hazikupitia chumba cha baridi?"

"Sijatia mguu mle tangu mwaka juzi. Ule ulikuwa ufalme wa Élysée. Kama unatafuta nani aliingia, usinitazame mimi."

"Na kwenda nazo nyumbani? Hata kidogo, hata kwa kusahau?"

Lombard alikunja uso kama aliyetukaniwa mama. "Mbegu haivuki mlango wa jengo hili. Hiyo ni sheria ya kwanza. Anayepeleka mbegu nyumbani ni mwizi, na mwizi wetu tunamjua."

"Nashukuru, Dokta. Naomba jani moja la hii ngano."

"Chukua hata mawili," alisema Lombard kwa ukarimu, akayachuma mwenyewe.

Kwenye mapokezi, Pacifique Mugisho alikuwa ameketi wima ndani ya sare yake ya ulinzi. Alikuwa Mkongo wa Uvira, na droo ya meza yake ndimo ulimokaa ufunguo wa akiba wa chumba cha baridi, jambo ambalo polisi hawakujisumbua kuuliza. Victorine alikuwa ameuliza. Alikuwa pia amegundua kwamba Jumamosi moja mwezi Oktoba, siku chache kabla ya miche ya Mugamba kutolewa chumbani, Pacifique hakuonekana mlangoni karibu mchana kutwa.

"Pacifique, leo usinizungushe. Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

"Mama Victo, nilishakuambia, nilikuwa hapa."

"Mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo, alikuletea chakula chako akakuta kiti kitupu. Ufunguo ulimpa nani?"

Macho yalimtoka. "Hapana! Mama, mi sikupana ufunguo kwa mutu! Nilikuwa…" Alishusha sauti. "Nilikuwa ku course ya farasi. Kule Turffontein. Eish, mama, kulikuwa na farasi moja, watu wote walisema ile leo inapita zingine."

"Ilipita?"

"Ilikuja ya mwisho. Hata ile yenye ilianguka ilisimama ikaipita."

Victorine alijikaza asicheke, na haikuwa kazi ndogo. "Na ufunguo?"

"Niliuacha ndani ya droo."

"Nani alikuwa ndani ya jengo?"

"Docteur Lombard tu. Yeye anakujaka kila Jumamosi."

"Na hayo yote ukayanyamazia polisi, wakati mtoto wa watu alikuwa akilala rumande."

Pacifique aliinamisha kichwa. "Nikisema niliacha mlango, wananifukuza siku ileile. Nina watoto, mama."

Kwa hiyo mlinzi hakuwa mwizi, alikuwa mcheza kamari mbaya tu. Lakini habari ya droo iliyo wazi haikutosha. Lombard angesema hakuugusa ufunguo, na neno la daktari dhidi ya neno la mlinzi linajulikana litaangukia wapi. Victorine alilitia jani moja kwenye bahasha, akaiandika A, akapanda teksi kwenda Turffontein.

Uani kwa Mama Emérite, shangazi wa Élysée, makopo ya rangi yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja na nambari ya chaki waliyoandika polisi. Ndani yake mliota majani mabichi, mazito, marefu kama nywele za mtu aliyesusa kinyozi. Élysée alikuwa ameketi juu ya kreti tupu la soda, mikono kati ya magoti, na hakuinua kichwa.

Shangazi yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kijani. Alimletea Victorine kiti, kisha chai, kisha akasimama mbele ya makopo yake kana kwamba anayakinga mgeni asiyaone.

"Mama, mbegu hizi Élysée alikupa lini?"

"Zamani, madame. Alikuwa bado mwanafunzi pale Braamfontein, hiki kituo hata hakijamwita. Aliipura mara ya kwanza, ngano kidogo, haijai hata kikombe. Nikamuambia, nipe konzi moja."

"Ya nini?"

Mama Emérite alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hula. "Ya kuweka. Sisi kwetu mbegu hailali yote chini ya paa moja. Nyumba ikiungua je? Mama yangu alikuwa anampa dada yake, na dada yake anampa yeye. Tulipokimbia, tulipanda mbegu za shangazi, zetu zilibaki kwenye moto."

"Polisi uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia. Waliandika: mama amekiri ana mbegu."

Victorine alipiga magoti, akapekua majani ya kopo la kwanza, halafu la pili. Alikuwa ametoka kutazama ngano saa moja iliyopita. "Hii ulipanda lini?"

"Oktoba, mvua zilipoanza. Kama kwetu. Kwetu Mugamba unapanda ngano na mvua, inakuja yenyewe, inatoa masuke." Akafyonza. "Hii imenitia haya. Oktoba mpaka leo Februari, ni majani tu. Ni tasa. Wanawake wa kanisa wananiuliza kama nafuga sungura. Mimi sikumwambia mtoto. Amesoma miaka yote hiyo, nimwambie ngano yake ni tasa?"

Élysée aliinua kichwa.

"Tantine. Uliitia kwanza kwenye baridi?"

"Baridi gani? Niliipanda kavu, kwenye udongo, kama mtu mwenye akili."

Kijana alianza kucheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu afungwe pingu, na kicheko kilimshika mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Shangazi yake alimkazia macho kwa hasira.

"Si tasa," alisema. "Tantine, si tasa hata kidogo. Haijajua baridi, basi."

"Nieleze mimi," alisema Victorine. "Polepole, kama mtu asiyewahi kulima."

"Kule kaskazini ngano hii inapandwa kabla ya theluji. Inachipua, halafu inakaa chini ya theluji miezi, haifi. Baridi ikipita ndipo inajua sasa ni salama, itoe masuke. Sasa ukiinyima baridi, inaendelea kusubiri. Inaota majani tu. Ndiyo kazi ya kile chumba chetu. Tunaloweka mbegu mpaka zichipue, tunaziweka kwenye trei, trei inakaa baridini kama wiki nane. Tunazidanganya kwamba majira ya theluji yamepita."

"Na isipopitia chumba hicho?"

"Ni hii unayoiona."

"Hata kwenye chumba cha vioo? Na mbolea, na taa?"

"Hata ukiipikia pilau."

Victorine aliketi tena kitini taratibu. Chai ilikuwa imepoa na akainywa hivyo hivyo. "Ngano ya Lombard imetoa masuke," alisema. "Iko juu ya paa, inainama kwa uzito. Na ameniambia, kwa sauti yake, imo humu ndani ya simu, kwamba alipanda mbegu kavu kutoka kwenye droo."

Élysée alisimama. Kreti likaanguka nyuma yake. "Hawezi. Mtu wa kazi hii hawezi kusema hivyo."

"Kwa mtu wa kazi hii asingesema. Aliniambia mimi. Alidhani nasikiliza habari za funguo tu."

"Lakini…" Kijana alisita, na kwa kusita huko Victorine alimpenda zaidi, kwa maana mtu mwenye hatia asingeitafutia dosari habari njema. "Iko ngano isiyohitaji baridi. Ya kwetu Mugamba ni hiyo. Akisema yake ni ya aina hiyo, tumekwisha."

"Basi tuulize kama hizi mbili ni ndugu," alisema Victorine, akachuma jani kwenye kopo, akalitia kwenye bahasha ya pili, akaiandika B.

Maabara moja ya chuo kikuu ilizipima bahasha hizo bila kuambiwa zimetoka wapi. Jibu lilikuja kwa simu Alhamisi asubuhi, Victorine akiwa amesimama kwenye robot, taa za barabarani za kona karibu na kituo. A na B hazikuwa ndugu. Zilikuwa ngano moja. Alivuka barabara taa ikiwa bado nyekundu.

Mkurugenzi wa kituo, Kelly Mokoena, alikuwa mtu wa biashara. Ngano aliijua ikiwa mkate. Mezani kwake alikuwa amemkaribisha Bi Saara Halme, mtaalamu wa kilimo kutoka Ufini, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyobabuliwa na jua kama ya mkulima yeyote. Lombard alikuwa tayari ameshika kalamu.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia Victorine na kopo la rangi kwapani. Nyuma yake Mama Emérite na makopo mawili. Élysée alibaki kizingitini, kwa sababu marufuku ilikuwa haijaondolewa na hakutaka kumpa mtu sababu. Pacifique alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Hii ni nini?" aliuliza Kelly Mokoena.

"Ushahidi wenu wenyewe," alisema Victorine. "Nambari za chaki ni za polisi. Nipeni dakika chache, halafu mkitaka mtie saini."

Lombard aliwahi, kama kawaida yake. "Kelly, hizo ndizo mbegu zilizoibwa! Huyu mwanamke anatembea nazo mjini!"

"Unazitambua, Dokta?"

"Bila shaka. Nimesikia umepeleka majani maabara. Yakionekana ni sawa na yangu, si ajabu. Aliiba kwangu. Ni ngano yangu hiyo."

Victorine aliweka kopo mezani, juu ya karatasi za mkataba. Alikuwa amejiandaa kubishana naye nusu saa ili kumfikisha hapo alipojipeleka mwenyewe kwa sentensi tatu.

"Tunakubaliana, basi. Maabara nayo inakubali. Ngano hii na iliyoko juu ya paa ni moja. Zote zilipandwa Oktoba, jiji hilihili, jua hilihili. Ya mama imetoa majani. Ya Dokta imetoa masuke. Mimi si mkulima. Nani atanieleza kwa nini?"

Kelly Mokoena alimgeukia Lombard, akamwona anatazama kofia ya kalamu yake. Bi Saara Halme alikuwa ameinuka. Alichukua kopo, akayatenganisha majani kwa vidole viwili mpaka chini kabisa kwenye shina, akapapasa.

"Hii ni ngano ya majira ya baridi," alisema. "Nzuri sana. Haijawahi kupata baridi, ndiyo sababu haina suke." Alimtazama Lombard. "Yako uliipatia baridi wapi?"

"Ni… ilikuwa hatua ya kawaida. Chumba cha baridi, bila shaka."

Victorine alibonyeza simu. Sauti ya Lombard ikajaa ofisini, yenye kujiamini, yenye kuhutubia: mbegu kavu, ndani ya bahasha, moja kwa moja kwenye vyungu. Sijatia mguu mle tangu mwaka juzi. Mbegu haivuki mlango wa jengo hili.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wachache huifunga wenyewe pande zote mbili kama alivyofanya Lombard. Alikuwa ameyasema hayo yote ili Élysée asipate pa kutokea.

"Nilisahau," alisema. "Niliingia mara moja. Ni kituo changu, nina haki ya kuingia popote."

"Kwa ufunguo gani?"

Hapo Pacifique alipiga hatua mbele.

"Kwa ule wa ndani ya droo yangu, madam director. Jumamosi ile niliacha kazi, nilienda ku farasi. Niliporudi niliukuta ndani ya droo lakini umegeuzwa, na trei moja nilimuona Docteur anaipandisha juu kwa ngazi. Niliogopa kazi yangu, nikanyamaza. Kama ni kunifukuza, munifukuze. Huyu kijana hakuiba."

Hili la trei Victorine alikuwa halijui. Alimgeukia mlinzi yule.

"Na mle chumbani Oktoba," alisema Élysée kutoka kizingitini, "kulikuwa na trei moja tu, ya Mugamba."

Lombard alilaza kalamu mezani. Hakuulizwa kwa nini, lakini alijibu, maana hakuweza kujizuia. "Miaka ishirini nimezalisha ngano," alisema. "Hakuna hata moja iliyovuka mpaka. Yeye anakuja na ya kwanza tu…" Hakumaliza. Kelly Mokoena alikuwa amekwisha kuinua simu, akimtaka mpelelezi wa polisi aliyeshika faili la Élysée, na alikuwa akiongea kama mtu asiyetaka kungoja. Kisha akavuta mkataba kutoka chini ya kopo, akalikata jina la Lombard kwa mistari miwili, akamtazama kijana aliyesimama mlangoni.

"Unasubiri nini huko nje? Ingia. Ni ngano yako."

Élysée aliingia. Alivuka kizingiti kile kama bwana harusi, na Victorine, ambaye kazini hakuwa mtu wa machozi, ilimbidi atafute kitu cha kutazama dirishani. Mlinzi naye aliambiwa kwamba mambo yake yatazungumzwa Jumatatu, na kwamba mpaka hapo funguo zote zitavaliwa shingoni.

Mama Emérite hakuwa amefuata hata nusu ya Kiingereza kile. Alimvuta Victorine mkono wa blauzi. "Wanasemaje?"

"Wanasema si tasa, mama. Wanasema ni nzuri sana. Na kwamba ni ya mtoto wako."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka mapokezi, na pengine mpaka kwenye mabasi. Bi Saara Halme aliruka kidogo, halafu akacheka, akaomba kwa unyenyekevu kama angeweza kuyanunua makopo yote ya mama akayatunze. Élysée alitafsiri. Shangazi yake alifikiri.

"Kuuza, hapana. Zote, hapana," alisema. "Mwambie achukue moja. Moja ibaki kwa huyu madam mwenye ofisi hii. Zilizobaki nyumbani ni zangu." Kisha akachukua kopo la tatu, lile lililokuwa na majani marefu kupita yote, akamkabidhi Victorine kwa mikono miwili. "Na hili likalale kwako."

Hapakuwa na nafasi ya kukataa. Victorine alirudi nalo kwa basi, limekaa mapajani, abiria wakiyakwepa majani yake. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alifungua friji, akatoa sufuria ya sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, akatoa maji, akatoa rafu ya katikati yenyewe. Majani yaligusa taa. Alilisukuma kopo hadi ndani kabisa, akaubana mlango kwa goti mpaka ukafunga.